Mkono wa Aliye Mbele

Kabla ya vita, mimi na kaka yangu Daudi tulikuwa tunapeleka vitunguu Mikumi kwa baiskeli, kutoka Kilosa. Njia ile ina tembo, na baiskeli ikikimbia huwasikii: upepo umejaa masikioni, mnyororo unapiga kelele. Basi tunakimbia kidogo, kisha Daudi, aliye mbele, anainua mkono. Tunasimama, tunasikiliza matawi yakivunjika. Anayeinua mkono ni mkubwa. Aliye nyuma hafungui mdomo. Ndivyo tulivyolelewa.

Vita Kuu ya Pili ikatupeleka baharini. Sisi watu wa milimani, jamani! Daudi akawa mtia makaa kwenye meli ya mizigo. Mimi nikawekwa kwenye manowari iliyoisindikiza, nimevalishwa visikilizio masikioni. Kifaa kimoja kilituma mlio majini. Ukigonga nyambizi ya adui, unarudi, nami naripoti.

Lakini manowari ikienda mbio, pangaboi lake na maji yanayopiga chini yake hufunika kila kitu. Mlio unarudi, husikii. Unakuwa kiziwi kwa kelele zako mwenyewe. Msiniimbie haraka haraka haina baraka. Nilijua kabla yenu.

Adhuhuri moja tulikuwa tumechelewa. Nahodha, Mzungu mmoja mkali, akaongeza mwendo. Visikilizio vikajaa ngurumo.

"Kuna kitu?" akauliza, amenipa mgongo.

Nilijua la kusema. Punguza mwendo, bwana, dakika chache tu, nisikilize. Daudi alikuwa nyuma yetu, tumboni mwa meli yake. Nikautazama mgongo ule, nikasubiri ainue mkono.

Hakuinua.

"Hakuna, bwana."

Kishindo.

Nilipotoka nje, meli ya Daudi ilikuwa imekatika katikati.

Tukapunguza mwendo kuokota watu. Nikarudi kwenye visikilizio, na hapo ndipo nilipoisikia nyambizi, waziwazi kabisa, ikienda zake. Daudi hatukumwokota.

Nyumbani mama aliniuliza jambo moja tu. "Ulimwambia mkubwa wako apunguze?"

"Nilimwambia, mama. Alikataa."

"Basi huna kosa, mwanangu."

Akawahadithia majirani wote. Uhuru ukaja, akawa bado anahadithia. Mimi usingizi ulikuwa wa kuibia. Mchana natembea tu, sikai mahali.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, watu wakataka kunichagua balozi wa nyumba kumi. Mzee mmoja akasimama mkutanini.

"Huyu alimwambia Mzungu ukweli usoni. Haogopi wakubwa. Tunataka nani tena?"

Wakapiga makofi. Mwenyekiti akanigeukia: "Haya ndugu, una neno?"

Nilikuwa nalo. Nimelibeba miaka yote hiyo, linanichoma. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele kabisa, macho yameshaanza kufifia, anatabasamu kuelekea nilipo.

"Sina, mwenyekiti," nikasema.