Zamzam na Mlima wa Kalicha

Wanawake wa Buna walikuwa wakimtania Zamzam kwamba mumewe ana mke mwingine Marsabit, mrefu, mnene, na kichwa chake kimefunikwa ukungu mwaka mzima. Zamzam alicheka nao. Lakini mzaha ukirudiwa miaka ishirini na moja, huacha kuwa mzaha.

Kalicha alikuwa tarishi katika mbuga ya wanyama ya mlima Marsabit. Kila asubuhi alifunga mfuko wa barua kwenye keria ya baiskeli, akaipanda njia ya msituni kutoka langoni hadi kambi iliyo juu, kando ya ziwa. Halafu kaka yake Jarso akafa Buna, akaacha mjane na watoto wanne. Wazee walituma neno moja tu, na Kalicha akashuka. Eda ilipokwisha akamwoa mjane wa kaka yake, kama ilivyo desturi yetu, na mjane huyo ndiye Zamzam.

Alikuwa mume mwema. Hakumpiga, hakumtukana, hakula kabla watoto hawajala. Wakapata na binti yao, Sadia. Ila kila siku baada ya sala ya Alasiri alipanda baiskeli yake nyeusi, akaendesha hadi mwisho wa mji upande wa barabara ya Moyale, akasimama pale na mguu mmoja chini. Akirudi, vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

Usiku aliwalaza watoto kwa kuwahadithia ile njia. Kona ya kwanza, mti wenye shimo. Kona ya tatu unashuka, unapiga makofi mapajani ili tembo akusikie asishtuke. Kisha mteremko mrefu. Hukanyagi pedeli, husikii ila mnyororo na ndege. Matawini zinaning'inia nyuzi za kijivu kama ndevu za mzee, zinadondosha maji hata pasiponyesha. Watoto walilala. Zamzam hakulala. Alikuwa hajaona mlima hata mmoja maishani mwake, lakini ile njia aliijua kona kwa kona.

Mwaka wa tisini na sita Sadia, wa mwisho kutoka, akaolewa Wajir, na nyumba ikabaki na watu wawili na kuku. Hata miezi miwili haikupita, Kalicha akasema, akitazama kikombe chake cha chai:

"Mursal anapeleka mbuzi kupitia Moyale hadi Marsabit. Ana nafasi juu ya lori."

"Utakaa siku ngapi?"

"Nikifika nitaona."

Zamzam akamwongezea chai, akiwaza. Yule mtu alikuja kubeba mzigo wa kaka yake, na mzigo sasa umetuliwa. Ni nini kitakachomrudisha?

Asubuhi ya safari baiskeli ilikuwa imekwisha kufungwa juu ya lori. Majirani walitoka kuaga. Kwetu msafiri haondoki bila kuomba radhi, maana njia ni ya Mungu na hakuna ajuaye atakapoishia. Watu husema maneno hayo kama salamu, na jibu lake ni kama salamu. Kalicha akaja mbele ya mkewe, akavua kofia.

"Nisamehe, lililo wazi na lililofichika."

Zamzam akafungua mdomo aseme nimekusamehe. Likatoka neno jingine.

"Hapana," akasema. "Sikusamehi."

Jirani yake Qali akashika kifua. "Abaayo! Mungu anasikia, dada yangu! Sema upesi!"

"Nimesema."

Mursal akapiga honi, akatoa kichwa dirishani. "Adeer, ami, kuna nini? Panda twende, msafara unaolindwa na askari hautungoji!"

"Sina radhi ya mke wangu," Kalicha akajibu.

Mursal akamtazama yeye, akamtazama Zamzam, kisha akashuka mwenyewe akaanza kufungua kamba za baiskeli. "Basi baki, mzee wangu. Mimi nina mbuzi sitini na magurudumu yaliyochoka. Na laana ya mke wa mtu juu yake? La, wallahi."

Lori likaondoka. Kalicha akaikokota baiskeli hadi uani, akaiegemeza ukutani, akaingia ndani kutawadha.

Angekasirika, Zamzam angejua la kufanya. Hakukasirika. Alitengeneza ua wa miiba, akateka maji kisimani bila kuombwa, akasema ahsante kwa kila kikombe. Lakini baada ya Alasiri hakutoka tena. Alikaa mlangoni na mikono magotini. Kuku mmoja akazoea kulala juu ya kiti cha baiskeli, naye hakumfukuza.

Zamzam alikuwa amempata mtu wake wote, yuko pale, hana pa kwenda. Na hakuwahi kumkosa kama siku zile.

Alfajiri moja alikuwa kwenye msala, ameinua viganja, anaomba kama aombavyo siku zote: Ee Mola, nisamehe. Akakwama hapo hapo. Kile alichokuwa akimwomba Mungu kila kukicha ndicho alichomnyima mja wa Mungu mbele ya watu. Akalia. Lakini bado aliogopa kulitamka lile neno. Aliona akilitamka tu, Kalicha atakuwa vumbi la barabara ya Moyale.

Mursal aliporudi, Zamzam akamfuata penye lori.

"Safari yako ijayo nataka nafasi ya wawili na baiskeli."

"Wawili? Eddo, shangazi, wewe utapanda juu ya mbuzi?"

"Mbuzi nimeishi nao tangu nizaliwe."

Qali alipomwona anafunga nguo, akasema, "Haya, unakwenda kumtembelea mke mwenzio?"

"Nakwenda kumwona uso," Zamzam akajibu, na mara hii hakucheka.

Kalicha alipoambiwa, alimfukuza kuku, akatia mnyororo mafuta.

Walisafiri siku tatu, vumbi na mawe. Marsabit ilimpokea Zamzam kwa baridi ambayo hakujua kama ipo katika nchi hii. Akajifunika shuka mbili juu ya mtandio. Langoni mwa mbuga alikaa askari mzee, Alio, ambaye zamani walikula sahani moja na Kalicha. Akakodoa macho, akasimama.

"Kalicha? Barua ziko wapi? Umechelewa miaka ishirini na moja!"

Wakakumbatiana, wakapigana migongo. Alio akawaruhusu, lakini kwa onyo: "Mwisho ziwani, na adhuhuri muwe hapa. Tembo wa siku hizi hawakujui."

Palipopanda Kalicha aliikokota baiskeli, Zamzam akamfuata. Palipoteremka Zamzam alikaa kwenye keria, ameshika shati la mumewe. Hakukuwa na vumbi. Hakukuwa na sauti ya gari wala ya mbuzi wala ya mtu. Ukungu ulipita kati ya miti polepole. Kwenye ule mteremko mrefu alisikia mnyororo, akasikia na ndege, na tone moja likamwangukia shavuni. Akasema Subhanallah kwa sauti ndogo.

Miti ikaachana, na maji yakawa pale chini, ndani ya tumbo la mlima, kimya, nyati watatu wakinywa ng'ambo. Kalicha akaketi kwenye nyasi. Zamzam akaketi kando yake. Kisha akasema kile alichokuja kusema.

"Nimekusamehe, la wazi na la kufichika, dunia na akhera. Hudaiwi chochote, na mtu aliye hai wala na marehemu. Ukitaka kubaki, baki."

Mabega ya Kalicha yakaanza kutikisika, na Zamzam akaona kwamba analia.

"Habari ya Jarso niliipata kwenye njia hii," Kalicha akasema mwishowe. "Nikashuka nalia mpaka langoni. Nilipofika Buna watoto wake walikuwa wananitazama, nikakoma. Kilio kingine nilikiacha huku."

Zamzam akamsogelea. Hata yeye hakuwa amelitaja jina la Jarso nyumbani miaka yote hiyo, kwa kumstahi huyu. Wakamsomea Fatiha.

"Na ungekuja peke yako," Zamzam akauliza, "ungerudi?"

"Peke yangu? Wallahi, sijui." Akajipangusa uso kwa kofia. "Siku ile nilingoja useme rudi. Ulisema hapana, lakini rudi hukusema."

"Nilidhani si haki yangu."

"Haki ya nani, basi?"

Zamzam akaangalia maji. Lilikuwa neno dogo, na lilimchukua muda. "Rudi," akasema.

Kalicha akainuka, akageuza baiskeli, akaishika imara ili mkewe apande. Jua lilikuwa limekaribia utosini. Zamzam akakaa upande kwenye keria, uso nyuma, na walipoanza kwenda akayatazama yale maji yakimezwa na miti kidogo kidogo, hadi pakabaki mng'ao tu. Alitaka kumwambia asimame kidogo. Lakini Alio alikuwa amesema adhuhuri, na Kalicha alikuwa akiendesha kwa nguvu kuelekea langoni.