Ngano Nzima ya Binti Yangu

Mimi nikipewa ushauri naufuata mpaka mwisho. Binti yangu alipogunduliwa kuwa na kisukari akiwa na miaka sita, kila mtu wa Nachingwea aliyewahi kuwa na shangazi mwenye sukari aliniambia jambo lilelile: ugali mweupe mwiko, mpe ngano isiyokobolewa. Nikampa. Asubuhi uji wa lishe wa ngano, ulezi na karanga, jioni chapati za ngano nzima. Sindano ya insulini sikukosa hata moja.

Mtoto akakonda. Tumbo likawa linajaa na kumuuma, anaharisha, na sukari inashuka ovyo mchana kweupe. Miaka miwili hakurefuka hata kidole. Mimi nikaona dawa ni kuongeza uji. Majirani wakanong'ona kwamba nambania chakula, na hilo liliniuma kuliko yote, maana kila kijiko nilikisimamia mwenyewe.

Daktari wa kliniki ya kisukari ndiye aliyeniuliza anakula nini. Nilimtajia kwa majigambo. Akamtoa mtoto damu, kisha akatuandikia rufaa ya Dar es Salaam kwa kipimo cha utumbo. Jibu lilikuwa ugonjwa wa seliaki. Alinieleza kwamba kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, ilikosea ikalishambulia kongosho, ndiyo kisukari. Sasa kila akila ngano inaushambulia utumbo, na chakula hakimjengi. Magonjwa haya ni ndugu, alisema, ukiingia mmoja mwingine huweza kufuata. Akampima na tezi ya shingo, ikawa salama. Ngano akaipiga marufuku maisha yote.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa namuumiza," nilisema.

"Mama, wewe ulikuwa unamlisha. Adui ulikuwa humjui."

Maneno mazuri, lakini siku ile sikujisamehe.

Tukaanza upya: mhogo, mahindi, mbaazi, na ming'oko, vile viazi vya kuchimba porini. Akapata nafuu wiki kadhaa, kisha tumbo likarudi. Nikapandwa na hasira. Nilimshuku binti yangu kwamba anakula maandazi shuleni. Akaapa hajala, sikumwamini, nikamgombeza mpaka akaacha kuongea nami.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Mandawa kunisaidia. Siku moja tulikwenda pamoja mashineni kusaga, na mbele yetu mama mmoja alikuwa anasaga lishe yenye ngano, kama nilivyosaga mimi miaka yote. Mama mkwe alitazama ule unga unavyotoka, akamuuliza mwenye mashine kama huwa anaiosha kabla ya kumimina mahindi ya mtu mwingine. Yule bwana akacheka. Nani anaosha mashine ya kusaga? Mama mkwe hakucheka. Alijitwisha debe letu la mahindi.

"Tutatwanga," alisema, akageuza njia.

Tukatwanga. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, naye ananicheka kwamba nimelelewa na mashine. Binti yangu nilimwomba radhi, si kwa kuzungukazunguka, nilimwambia nimekosa. Akanisamehe kwa sharti kwamba nitwange na mchele, apate kitumbua chake siku za sikukuu. Nilitwanga, na insulini tukaipanga pamoja.

Tumbo likatulia. Sukari ikaacha kutuchezea. Kwenye mizani ya kliniki nilianza kumsimamisha kwa furaha, mimi niliyekuwa nafumba macho.

Halafu mwaka huu mwalimu wa zamu akanipigia simu kwa sauti ya ukali. Binti yangu, alisema, amerudishwa getini kwa utovu wa nidhamu: sketi iko juu ya magoti, haifai kwa mwanafunzi, na asirudi mpaka nimshonee nyingine. Sketi ile alikuwa anaivaa tangu darasa la pili.

Nilipaswa kuomba radhi. Badala yake nilimwita mama mkwe aache mchi, nikaweka spika, nikamwomba mwalimu arudie tena, taratibu, alivyorefuka mwanangu.