Mjomba Anauza Maji ya Bangili za Bibi

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Admin, naomba usiweke jina langu wala la mtaa wetu, maana hapa Bagamoyo tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, nasoma sayansi. Si mtu wa kuongea. Darasani hata nikijua jibu sinyooshi mkono. Lakini jambo hili limenikaa kooni, nikizidi kulimeza nitatapika.

Naishi na bibi, mjomba, na mamdogo wangu ambaye amekuja kujifungulia nyumbani. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo na mjomba ndiye aliyenilea. Madaftari, sare, hata miwani hii niliyovaa, ni yeye. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kwangu.

Mjomba anauza kitu anachokiita maji ya fedha. Alisikia kwa rafiki yake kwamba madini ya fedha yakiwa chembe ndogo kupita kiasi, zisizoonekana kwa macho, huua bakteria na virusi. Basi akachukua bangili za bibi, zile alizoolewa nazo, akaziunga waya kwenye betri ya pikipiki na kuzitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kisima chetu. Maji yanakuwa meupe kama tui jepesi, baadaye yanaingia ukijivu, na juu unakaa utando wa kijani. Chupa anaziokota kwenye ukumbi wa harusi na kuzisuuza zote kwenye beseni moja. Siku moja nilikuta chupa iliyokwisha kujazwa, mdomoni ina rangi ya midomo ya mtu. Sikula mchana huo.

Kinachonichefua zaidi ni kwamba mna ukweli ndani yake. Nimesoma. Chembe za fedha zinaua vijidudu kweli, na kuna hospitali zinazotumia bandeji zenye fedha kwenye vidonda vya moto. Kuhusu virusi, watafiti bado wanajaribu maabarani. Lakini hao wanatumia vipimo na maji yaliyosafishwa. Kisima chetu kina chumvi, kama visima vingi vya huku pwani, na fedha ikikutana na chumvi hufanya mashapo meupe. Ndilo jaribio tunalofanya shuleni. Ule weupe anaowaambia wateja kuwa ndiyo nguvu ya dawa ni mashapo tu, na ule ukijani nadhani ni shaba, kwa sababu bangili zile si fedha tupu.

Nilimweleza kwa adabu. Akacheka. "Haya, profesa. Maji ya kisima hiki ndiyo yaliyokukuza, leo yana kasoro?"

Tangu hapo akija mteja ananiita niamkie, halafu anasema, "Huyu mpwa wangu anasoma sayansi, ameyapima mwenyewe." Mimi nabaki nimeinama kama mjinga.

Mamdogo alipojifungua, bibi akaagiza kitovu cha mtoto kipakwe maji yale asubuhi na jioni. Mamdogo aliniuliza mbele yao, "Mwanangu, wewe unayesoma, hayana madhara?"

Nikasema, "Usimpake, mamdogo. Kliniki walisema kitovu kiachwe kikavu."

Bibi akanitazama juu mpaka chini. "Kliniki wamezaa wangapi? Mimi nimezaa saba, na vitabu vyako sikuvisoma."

Mamdogo, ili asimuudhi mtu, akasema atapaka kidogo tu.

Baada ya siku chache chumba kikaanza kunuka. Si harufu ya maziwa wala ya nepi. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko. Kitovu kilikuwa chekundu, kinatoa usaha wa manjano, na bibi akasema huo ndio uchafu unaotolewa na dawa. Akampaka tena juu ya usaha. Nilikimbilia uani.

Mtoto alipokataa ziwa, bibi bado alisema mzazi hatoki kabla ya arobaini. Mamdogo aliinuka. Alijitanda kanga, mimi nikambeba mtoto, tukatoka. Bibi akatufuata mpaka hospitali akilalamika njia nzima.

Nesi alifungua nguo, akafumba macho kidogo. "Mmempaka nini?"

"Hatujapaka kitu," mamdogo akasema.

Nesi akanigeukia mimi. Bibi akanifinya paja. Nikanyamaza.

Alhamdulillahi, mtoto alilazwa, akachomwa sindano za antibaiotiki, akapona. Nilidhani aibu ile itamaliza biashara. Kumbe ndiyo imeinogesha. Sasa mjomba anawaambia watu, "Mtoto wetu mwenyewe alikuwa anakufa, maji haya yakamrudisha." Anasema akiwa amempakata, mtoto ana alama za sindano mkononi, na wateja wanasema mashaallah. Bibi anaitikia. Mamdogo anatazama chini. Mjomba aliyenifundisha kusali, nikimsikiliza sasa nasikia kichefuchefu, na kumchukia mtu aliyekulea ni jambo baya sana.

Jumamosi hii anataka nivae sare ya shule nishike chupa, anirekodi nikisema nimeyapima na ni salama. Kuna dada wa Mlingotini mwenye mimba kubwa amesema akiiona video hiyo atachukua chupa ya mwanawe. Nimemwambia bibi sitaki. Akanijibu, "Ukimwaibisha mjomba wako, tafuta kwa kulala."

Nikienda kwa yule nesi nikamweleza kila kitu, mjomba anaweza kukamatwa, na mimi mtihani wa taifa nitaufanya nikitokea wapi? Nikinyamaza kama nilivyonyamaza siku ile, yule dada atampaka mwanawe. Ninyi mliokua, mnaojua kusema na watu wazima bila sauti kukatika, nishikeni mkono. Namwambiaje nesi, na baada ya hapo nalala kwa nani?