Kosa lilitoka meza ya jirani

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla wauza nyanya hawajajaa kwenye njia ya kwenda Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma, Saidati Mukashyaka anafungua mlango wa ofisi, anakung'uta viatu vyake vumbi jeusi la lava na kwenda moja kwa moja kwenye kompyuta iliyo pembeni. Hawashi taa. Anaigusa kwanza ubavuni kwa kiganja.

"Iko na moto, donc ilitumika usiku yote," anasema. "Ikiwa baridi, najua courant ilikatika, naanza upya."

Leo ina moto. Kwenye kioo imejaa mistari, kila mmoja ukisema kama jaribio fulani limefaulu au limefeli. Saidati hasomi yote. Anaiagiza kompyuta ilinganishe matokeo ya usiku huu na ya jana, kisha anasubiri akiwa amesimama, mkono kiunoni. Hakuna kilichoharibika. Anakaa, anarekebisha ushungi wake, na hapo ndipo siku yake ya ukatibu inapoanza.

Saidati, mwenye umri wa miaka 36, ni katibu wa bohari ya dawa mjini Gisenyi, inayohudumia vituo vya afya hadi Kanama na Mudende. Hiyo ndiyo kazi anayolipwa. Ile nyingine, ya asubuhi na mapema, haina mshahara, na majirani zake wa Mbugangari hawaielewi.

"Mama yangu iko Goma, anafikiri nachunga mashine isiibiwe," anasema akicheka.

Kuna chombo ambacho mafundi wa programu za kompyuta hukitumia kusaka makosa. Chombo hicho nacho ni programu. Kinamwezesha fundi kuisimamisha programu nyingine katikati ya kazi, achungulie ndani na kuona inapokosea. Hiki anachokipima Saidati kinatengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika nchi nyingi, ambao karibu kila siku hutumiana marekebisho kwa barua pepe. Kila rekebisho linaweza kuharibu kitu kilichokuwa kizima. Kwa hiyo kuna maelfu ya majaribio madogo ambayo kompyuta huyafanya yenyewe usiku kucha.

"Mi si ingénieur," anasema Saidati. "Mi naangalia tu kama kile kilipita jana kinapita na leo. Kama hakipiti, iko mutu amegusa kitu. Basi namutafuta."

Alizaliwa hapa Gisenyi, akaanza kazi ya kupiga taipu kwa mfanyabiashara wa kahawa huko Goma, na mwaka 1996 akarudi nyumbani na watoto wawili, mkubwa akiitwa Ineza. Alipoajiriwa bohari alikuta kompyuta kubwa ya kijivu, zawadi ya chuo kikuu kimoja cha Ulaya, ya aina ambayo viwanda vilikuwa vimekwisha kuiacha. Fundi Mjerumani aliyekuja kuifunga alimweleza kwamba kama hakuna anayepima matoleo mapya kwenye mashine za aina hiyo, siku moja watengenezaji wa chombo wataziacha nao. Akamfundisha namna ya kuyaendesha majaribio, kisha akaondoka.

Ilikuwa mwaka jana, wakati risasi zilikuwa zikisikika milimani na saa kumi na moja jioni kila mtu yuko kwake. Saidati alikuwa akiyaanzisha majaribio, anafunga mlango na kukimbilia nyumbani.

"Mashine haiogopi risasi," anasema. "Mi niliogopa sana."

Umuhimu wa kazi hiyo anaueleza vizuri zaidi bosi wake, Bi Nyiramana, mfamasia anayesimamia bohari. Programu inayotunza hesabu ya dawa kwenye mashine hiyo ya kijivu huandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Ikifika Januari, mwaka 2000 utakuwa sifuri sifuri, na kompyuta itadhani ni 1900.

"Itaona tuko enzi za babu zetu, dawa tulizopokea mwaka huu hazijafika bado, na itakataa kuzitoa," anasema. "Tunaweza kufanya kwa mkono, lakini mwaka jana kompyuta ilipokufa tulifanya kwa mkono, na Kanama walikosa kwinini huku ipo hapa rafuni. Mtoto mmoja alifariki kule. Siwezi kusema ni kwa sababu hiyo, lakini sijasahau."

Aliyepewa kazi ya kuirekebisha programu hiyo ni Wellars Ngoga, kijana wa miaka 31 aliyezaliwa Karagwe, Tanzania, akasoma Dar es Salaam na kurudi na wazazi wake miaka mitatu iliyopita. Meza yake imepakana na ya Saidati. Chombo kile cha kusakia makosa ndicho anachoshinda nacho kutwa.

Mwezi Mei, Wellars alitengeneza rekebisho lake mwenyewe na kulituma kwa wenye mradi. Likakubaliwa. Jina lake likaingia kwenye orodha ya wachangiaji, na habari zikafika Kigali, ambako ofisi moja ilimwita kwa usaili wa kazi. Alinunua soda za ofisi nzima.

Wiki iliyofuata simu, ambazo ndizo njia ya barua pepe, zilikatika siku kadhaa. Ziliporudi, marekebisho ya watu wengi yaliingia kwa mkupuo. Saidati akayaunganisha yote, akayaanzisha majaribio jioni, na asubuhi akakuta kundi zima la yaliyokuwa yakifaulu limefeli. Yote yalikuwa ya namna moja: programu inaambiwa isimame pale thamani fulani inapobadilika, nayo inapita bila kusimama.

Hakumwandikia mtu. Mwezi Machi aliwahi kupiga mbiu kama hiyo, ikaja kuonekana kuwa diski yake ndiyo iliyojaa, na mchangiaji mmoja akamwandikia mbele ya wote kwamba asiwapotezee muda. Safari hii alirudia. Matokeo yakawa yale yale.

Akaanza kupunguza. Aliondoa nusu ya marekebisho, akapima yaliyobaki. Kisha akaigawa tena nusu yenye kosa. Kwa kuwa mashine ile ni ya taratibu, kila usiku ulitosha mzunguko mmoja tu wa majaribio, na kila asubuhi Wellars alikuja kumuuliza wamefikia wapi. Kosa hilo lilikuwa limemkwamisha na yeye, kwani programu ya dawa alilazimika kuipimia kwenye mashine ile ile.

"Nilikuwa namhimiza," anakumbuka Wellars. "Nilimwambia, Mama Ineza, ukimpata huyo mtu umtaje mbele ya wote, kama walivyokufanyia wewe. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu."

Alhamisi asubuhi lilibaki rekebisho moja. Lilikuwa la Wellars.

"Nilikaa," anasema Saidati. "Nikasema labda nimekosea. Nikatoa yake peke yake, ile majaribio machache nikaifanya palepale. Yote ikapita. Nikairudisha, ikaanguka. Bon, nilisikia vibaya sana, ju nilikunywa soda yake."

Wellars alipoingia, Saidati hakumsalimia kama kawaida. Alivuta kiti kando yake.

"Kaka, kaa kwanza. Nimemupata."

"Nani?"

"Ni we."

Wellars akasema haiwezekani, kwani kwenye kompyuta yake mpya kila kitu kilifaulu.

"Kwa yako iko inapita," Saidati akamjibu. "Kwa hii ya zamani haipiti. Ungeniambia nijaribu mbele ya kutuma."

"Nilitaka liwe langu," akasema Wellars. Kisha akaomba jambo moja. Usaili ulikuwa Jumatatu. Je, asingeweza kusubiri hadi Jumanne?

Tatizo ni kwamba toleo jipya lilikuwa litoke Jumamosi. Likitoka na kosa lile, wote wenye mashine kama ile wangelipokea, na bohari ingekuwa miongoni mwao. Saidati anasema alifikiri juu ya mke wa Wellars, ambaye alikuwa mjamzito, na pia juu ya watu wa Kanama.

"Nikamwambia, siwezi kungoja Jumanne. Nitangoja mpaka kesho saa sita. Andika we mwenyewe, na jina langu usiliweke. Ukikosa kuandika, nitaandika mi."

Wellars alichukua koti lake akatoka bila kuaga. Hakurudi siku hiyo.

"Nilitembea hadi ziwani nikakaa pale," anasema. "Nilimkasirikia kwelikweli. Nilikuwa najiambia kwamba katibu ameniharibia maisha. Ilipofika jioni nikakumbuka kwamba kama angekuwa mtu mwingine, mimi nisingempa hata huo muda hadi kesho."

Ijumaa asubuhi aliingia, akakaa kwenye meza yake na kuandika kwamba rekebisho lake lina kosa na liondolewe. Aliweka jina la Saidati kama aliyeligundua, ingawa alikatazwa. Msimamizi wa mradi, aliyeko Denmark, alijibu kwa mistari miwili: aliwashukuru wote wawili, na toleo litatoka bila rekebisho hilo.

Jumatatu Wellars alikwenda Kigali na kuwaeleza waliomsaili yote yaliyotokea. Hakuchukuliwa.

"Sikuambiwa sababu. Huenda ni hiyo, huenda walikuwa na mtu wao," anasema. "Nimeacha kujiuliza."

Kwa wiki nyingi ofisini walizungumza ya kazi tu. Ukimya huo ulimchosha Saidati kuliko majaribio yenyewe. Mwezi Julai, mke wa Wellars alipojifungua mtoto wa kike, Saidati alipeleka uji nyumbani kwake na kukaa na mzazi hadi alasiri. Kesho yake Wellars alisogeza kiti hadi kwenye mashine ya kijivu na kumwomba ampimie rekebisho lake jipya kabla hajalituma. Lilifeli. Wakalitengeneza pamoja, likafeli tena, na lilipofaulu wakalituma.

Programu ya dawa sasa imekamilika. Mwezi uliopita waliisogeza tarehe ya kompyuta hadi Januari, na kwinini yote ikaonekana ipo. Bi Nyiramana anasema atalala vizuri mwaka mpya utakapokwisha kuingia, si kabla.

Kwa upande wake, Saidati ameanza kujifunza kuandika programu. Siku tatu kwa wiki, wakati wa mapumziko ya mchana, Wellars humfundisha, na hamhurumii anapokosea. Saidati anataka kabla ya Ramadhani atume rekebisho lake la kwanza, dogo, lenye jina lake.

"Na mi nitaharibu kitu, najua," anasema. "Kila mutu anaharibu. Naomba tu atakayenipata avute kiti, akae karibu yangu, ndio aniambie."