Mama wa Mikunga Langoni mwa Bwawa

Kabla hajamgusa mkunga, samaki mrefu kama nyoka, mama yule huchovya mikono mtoni na kuipaka tope, maana mkono mkavu hubandua ute wa samaki. Mvua za kwanza zikianguka, mikunga majike waliozeeka huacha kula, wakashika njia ya baharini wakatage, mara moja tu maishani. Lakini bwawa la umeme limeuziba mto, na mapanga ya mitambo yake huwakatakata. Basi yeye huwavua juu ya bwawa, akawapakia kwenye pipa garini na kuwateremsha ng'ambo ya ukuta, huku akiwasemesha Kimaori, lugha ya kwao, kama wageni wa heshima.

Asubuhi moja Tawhai, mlinzi, alimzuia langoni. "Shangazi, leo hapapitiki. Amri ya wakubwa."

"Mto mmeufunga, sasa na barabara? Haya, waambie mikunga mwenyewe!" Akamchomoa pipani mkunga mnene kama paja, akampakatisha mlinzi. "Huyu aliupanda mto huu bwawa lenu halijajengwa. Mwambie arudi."

Tawhai akamkumbatia asimwangushe, shati likilowa ute. Mkunga akatulia, akamkodolea macho.

"Haya, baba, msomee amri yako!"

"Mchukue basi, Shangazi!"

"Mikono yangu ina usukani." Alishapanda garini, injini imewaka.

Tawhai, mkunga kifuani, akalisukuma lango kwa mgongo, akatangulia kuteremka mtoni, chini ya bwawa.