Shiru Ameniomba Nisimame Kama Mama Yake, Kijana Wangu Amenikataza

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa, kwa sababu kijana wangu na bibi yake wako humu ndani. Mimi ni mama wa miaka sabini na moja, naishi mtaa wa Landless hapa Thika. Nilifundisha nasari mpaka nikastaafu. Mzee wangu alishafariki, na Mungu alitupatia mtoto mmoja tu, huyo kijana, ambaye amejenga Ruiru.

Tangu mzee aende, nyumba ilinyamaza sana. Nilikuwa nawasha TV asubuhi ndio nisikie watu wakiongea, hata sikuwa naangalia. Kijana wangu si mtu mbaya. Jumapili alikuwa analeta shopping pamoja na mjukuu wangu, lakini anakaa kidogo, anaangalia simu, anasema amechelewa.

Halafu vijana wa kanisa letu wakaanza kutembelea wazee wa mtaa kila Jumamosi. Siku ya kwanza walikuja kwangu na mifagio na ndoo, mimi nikakasirika, nikawaambia nyumba yangu si chafu. Wakacheka, wakaenda kufyeka ua. Msichana mmoja akabaki mlangoni, nitamwita Shiru. Akaniuliza kama anaongea na nyanya yake, "Shosh, naweza kaa tu? Hata mimi nimechoka." Nikamwekea chai.

Tulianza hivyo. Kumbe Shiru alifiwa na mama yake akiwa shule ya msingi, akalelewa na mjomba wake kule Ngoliba. Mjomba alimlisha na kumsomesha, ila hakuna mtu wa kumuuliza mbona uso wako umebadilika leo. Mimi niliuliza. Na yeye aliniuliza mambo ambayo hakuna mtu ameniuliza tangu nizeeke, kama nilikuwa nadance nikiwa msichana, kama nilimpenda mzee wangu kwanza ama yeye ndiye alinipenda. Baadaye akanivuta niende nao Kiganjo, kwa ukumbi wa kanisa, niwasomee watoto hadithi. Nilidhani nimesahau kazi. Watoto walinikalia miguuni mpaka nikashindwa kuinuka, na Shiru akawa anacheka kule nyuma. Siku hiyo nikirudi nyumbani sikuwasha TV.

Shida ilianza wakati mzee mmoja hapa mtaani alinyang'anywa shamba na mtu aliyekuwa anajifanya kumsaidia. Kijana wangu akaogopa, na simlaumu kwa hilo. Lakini Jumamosi moja alikuja bila kuniambia, akampata Shiru chumbani kwangu akinitolea sweta kwa kabati kwa sababu magoti yalikuwa yananiuma siwezi kusimama.

Akamuuliza, "Unatafuta nini kwa kabati ya mamangu?"

Shiru akasema, "Sweta, uncle. Shosh anasikia baridi."

"Mimi si uncle yako. Nyinyi tunawajua. Mnaanza na sweta, mnamalizia na title ya shamba."

Nikamwambia anyamaze, nikamwambia huyu msichana ameketi na mimi siku ambazo yeye hajui hata kama niliamka. Labda niliongea vibaya, kwa sababu aliniangalia kama hanijui. Shiru aliniwekea sweta mabegani, akanifunga vifungo vyote polepole, kisha akatoka. Wale vijana wengine walikuwa nje, walisikia kila kitu. Kiongozi wao akaja kuniambia kwa heshima kwamba hawatarudi kwangu, wasije wakaitwa wezi.

Tukabaki kuongea kwa simu tu, mimi na Shiru. Majuzi akaniambia familia ya kijana anayemuoa inakuja Ngoliba kwa ruracio, kulipa mahari. Akasema, "Shosh, wageni watauliza mama ya msichana ako wapi. Sitaki wanyamaze wote wakiangalia chini. Naomba ukae hapo kwa kiti ya mama."

Nililia, nikamwambia nitakuja. Nilitoa kitenge changu kizuri nikakipiga pasi hapo hapo.

Sikutaka kuficha, kwa hivyo nikamwambia kijana wangu. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Alisema, "Mum, mimi ndiye mtoto wako. Ukienda kuitwa mama ya mtu mwingine mbele ya watu, usinitafute tena." Jumapili iliyofuata hawakuja. Nilikuwa nimepika, nikangoja mpaka chakula kikapoa. Jioni mjukuu wangu akanipigia na simu ya mama yake, akaninong'oneza, "Cucu, dad amesema hatuji kwako tena. Ulifanya nini?" Kabla sijamjibu, simu ikakatwa.

Sijui nani alimwambia Shiru. Jana amenitumia sauti kwa WhatsApp, nimeisikiza nikairudia. Anasema, "Usijali, Shosh. Kama haiwezekani naelewa, hiyo kiti wataitoa tu. Usikosane na mtoto wako kwa sababu yangu. Mimi nimezoea."

Ruracio ni Jumamosi hii. Nikienda, nitampoteza kijana niliyemzaa, na yule mtoto anayeniita Cucu. Nikibaki, msichana ambaye alinirudisha kwa watu atakaa peke yake siku yake kubwa, na atajua kwamba hata mimi nilimwacha. Kijana wangu nampenda, nataka mjue hivyo kabla ya kumtukana kwa comments. Nyinyi mlio na wazazi wazee, na nyinyi mliolelewa na watu ambao hawakuwazaa, niambieni ukweli bila kunihurumia. Mngekuwa mimi, mngevaa hicho kitenge? Shiru bado anangoja jibu, na kila nikishika simu naiweka tena chini.