Muhogo Shavuni

Hapana, Mama Kemi, hiyo si bahati. Nilimjibu hivyo leo mchana pale bombani, mbele ya wanawake wengine wa kambi, na sauti ikanitoka kali kuliko nilivyotaka. Yeye alikuwa ameshasema lake, amejishika kiuno: "Nyabo, wewe iko na bahati halafu nalalamika. Toto yako nachomeka mkono, halii. Hii yangu nzi natua tu kwa pua, nalia mpaka kwa geti." Wenzake wakacheka. Mama Kemi ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa kambi ya jeshi Mbarara. Bwana wake na bwana wangu ni askari, wametumwa mbali pamoja, na mama wa watu hana ubaya wowote. Lakini leo utani haukuniingia. Nilibeba ndoo yangu ikiwa nusu nikaondoka. Jibu lenyewe naliandika hapa, wewe ulisikie lote, maana yeye hangeningoja nimalize.

Dani ni mwanangu, ana miaka mitatu. Jana asubuhi niliweka maziwa kwenye sigiri ya makaa pale mlangoni, nikatoka mara moja kuanika nguo. Ndivyo nilivyo, siwezi kungoja maziwa yachemke huku nimesimama tu. Nilirudishwa na harufu ya maziwa yanayoungua. Sufuria imelala upande, maziwa yameingia kwenye majivu, Dani hayupo. Niliita. Kimya. Niliita tena nikiwa nimeshaanza kukasirika, nikidhani amejificha kwa sababu ya sufuria.

Alikuwa kwenye kona, nyuma ya gunia la muhogo mkavu ambalo mama yangu hunitumia kutoka Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi. Nilipoinama pale, kabla sijamwona vizuri, ile harufu ikanishika: muhogo uliolowekwa ukaanikwa, wenye uchachu kidogo, kama nguo iliyokaukia ndani ya nyumba. Dani alikuwa ameegemea gunia, kiganja cha kushoto amekilaza juu ya goti kikiwa kimefunguka, pembeni chekundu, katikati cheupe. Alishika chuma cha sigiri. Alikuwa ananitazama tu, na shavu moja limevimba. Nilidhani ameungua na mdomo. Nikamtia kidole, kikatoka kipande cha muhogo.

Hakuna aliyempa. Mtoto alikuwa ameinuka na mkono ule, akafungua gunia, akachagua kipande, akajiwekea mwenyewe. Niliketi chini pale pale kwenye majivu na maziwa, maana nilijua ni nini. Hata mimi nimelelewa na kipande hicho.

Tulitoka Kivu ya Kusini, Kongo, tukikimbia vita, nikiwa mdogo sana. Njia yenyewe siikumbuki. Kumbukumbu yangu inaanzia Kabazana, ile fasi ambapo watu wapya huandikwa na kulala kabla ya kupewa kiwanja. Tulilala familia nyingi chini ya paa moja, mikeka imegusana, na watoto walikuwa wanapokezana kulia kama majogoo. Mmoja akinyamaza, mwingine anaanza upande wa pili. Sisi watatu hatukulia. Mimi, Baraka mdogo wangu, na Neema ambaye alizaliwa pale pale na alikuwa bado anabebwa mgongoni. Wamama wa pale walikuwa wanakuja kututazama. "Mama Furaha, hawa batoto unabapa nini?" Mama yangu alikuwa anatabasamu bila kujibu. Kwenye pembe ya kitenge chake alikuwa amefunga fundo, na ndani ya fundo kulikuwa na vipande vya muhogo mkavu, vidogo kama jino la ng'ombe.

Ilikuwa hivi. Ukisikia injini ya gari, au mbwa wengi kwa pamoja, au sauti ya mwanaume usiyemjua, mama anafungua fundo. Anakutia kipande shavuni na kusema neno moja: "Kamata." Hutafuni, humezi, husemi. Kipande ni kigumu kama kokoto, kinalainika polepole sana, na mdomo uliojaa hivyo hauwezi kulia hata ukitaka. Hatari ikipita, anaweka kiganja chake chini ya kidevu chako. "Tema." Unatema mkononi mwake. Anapangusa, anarudisha kwenye fundo, na wewe anakushika kichwa. "Uko mtoto muzuri." Nilipenda maneno hayo kuliko chakula. Nilikuwa nashindana na wadogo zangu nani atakaa kimya zaidi, na nakwambia ukweli, nilikuwa nashinda.

Baadaye tulipata kiwanja. Mama alijenga kwa miti na udongo, juu akatandika karatasi la plastiki, akalima mahindi na maharage. Ng'ombe wa wenyeji, wale wenye pembe ndefu, walikuwa wanakuja kutuchungulia dirishani kama wageni. Hakuna aliyetufukuza tena. Lakini fundo lilibaki kwenye kitenge.

Siku moja, jua likiwa kali, tulisikia lori. Lilikuja taratibu kwenye barabara ya vumbi likipiga honi. Watu wote wa mstari wetu wa nyumba walitoka mbio kulielekea. Mama yangu alitoka mbio pia, upande mwingine. Kipande kwangu, kipande kwa Baraka, kipande kwa Neema, na tayari tulikuwa tunapita katikati ya mahindi, tunapenya miiba, mpaka nyuma ya kichuguu kikubwa ambapo alitulaza chini. Nasikia bado sauti ya Mama Zawadi, jirani yetu, anatufuata huku anahema: "Mama Furaha, munakimbia wapi? Ni mablanketi. Banaleta mablanketi, mama, rudia." Mama alimwonyesha kwa mkono alale chini. Mama Zawadi alisimama akatutazama, halafu akaona blanketi lake litapotea, akarudi mbio.

Tulilala pale. Fasi tuliyolala ilikuwa njia ya siafu. Baraka ndiye aliyekuwa karibu nao zaidi. Niliwaona wakimpanda mguuni, mstari mweusi, wakaingia ndani ya kaptula, na yeye akanigeukia akiwa amefumbua macho makubwa, shavu limejaa, machozi yanashuka bila sauti hata kidogo. Na mimi walinifikia. Niliuma ule muhogo mpaka ukapasuka.

Lori lilipoondoka tulirudi. Mstari mzima walikuwa nje, mablanketi ya kijivu mabegani kwenye jua lile, na walicheka. Si kwa ubaya. Mzee mmoja alisema, "Mama Furaha, kesho bakileta sabuni utafika Tanzania." Hata mimi nilitamani kucheka, ila nilikuwa na kitu mdomoni.

Mama aliingia ndani akaketi juu ya jerikani. Alikaa akitazama ukuta. Tulisimama mbele yake kwa mstari, tukingoja. Aligeuka, akaona miguu ya Baraka imevimba vinundu juu mpaka chini, akaanza kumtoa siafu waliobaki, mmoja mmoja, vichwa vyao vimekwama kwenye ngozi. Ndipo akakumbuka. Akaweka kiganja. "Temeni." Tukatema kwa zamu.

Halafu alisema kitu ambacho hakuwa amewahi kukisema. "Lieni, basi. Sasa munaweza kulia."

Tulimtazama. Mimi nilidhani ni mtihani. Baraka alinitazama mimi, mkubwa, kujua jibu, na mimi nikakaza mdomo ili naye akaze. Mama alirudia, sasa kwa kubembeleza: "Lieni, banangu. Hakuna mutu." Hakuna aliyelia. Tulitaka asikie tulivyo wazuri. Na yeye akafunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika. Nilijua tumekosea mahali, ila sikujua wapi. Niliingiza mkono kwenye fundo, nikatoa kipande, nikampa. Nilifikiri kwamba labda naye anahitaji.

Ndiyo hiyo nilitaka Mama Kemi aisikie.

Nimekua hivyo. Shuleni walimu walinisifu. Siku ya kumzaa Dani nililala kimya hata mkunga akanipita mara nyingi akienda kwa wale wanaopiga kelele, na aliponijia kichwa cha mtoto kilikuwa kinatoka. Alinigombeza: "Wewe mama, kwani unaona aibu?" Haikuwa aibu. Sauti haikuwepo.

Nilipomwachisha Dani ziwa nilimpeleka Nakivale kwa koko wake, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, kama kila mtu anavyofanya, ili asahau titi. Alikaa huko msimu mzima wa mvua. Alirudi amenenepa, ana adabu, halii ovyo. Nilifurahi sana. Usiku nalala, mchana nafanya kazi zangu, na Kemi wa upande wa pili wa ukuta anachana mapafu yake kwa kulia. Sikuuliza alifundishwa vipi. Mtu akikurudishia mtoto mtulivu, unauliza nini?

Jana nilimkimbiza dispensari. Muuguzi wa pale, ambaye sisi wote tunamwita daktari, ni mtu mpole, sajini mwenye mikono mikubwa. Aliosha kile kiganja, akabonyeza pembeni, akabonyeza katikati. "Toto, naumwa hapa? Na hapa?" Dani alimtazama kama anayetazama mvua. Sajini akabonyeza tena, akanigeukia. "Mama, hii iko namna mbili. Kama moto naingia chini sana, mtoto hasikii kitu, na hiyo ni mbaya, lazima ende hospitali kubwa, pengine wakate, vidole visikauke hivi." Alikunja vidole vyake kunionyesha. "Kama nasikia uchungu na nafunga tu mdomo, hiyo ni nzuri, itapona hapa hapa. Sasa iko gani?"

Mama mzazi, nimesoma mpaka sekondari, na sijui kama mwanangu anaumwa. Nilimwambia, "Dani, lia. Mwambie daktari inauma." Alinitazama vile vile Baraka alivyonitazama mimi. Akakaza. Sajini akafunga bandeji, akasema turudi kesho kutwa asubuhi, ambayo ni kesho, ajaribu tena kabla ya kuamua.

Jioni ya jana nilimpigia mama simu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana.

"Aliungua fasi gani?" aliuliza.

"Kiganja. Mama, ulimfundisha muhogo?"

"Akianguka nilikuwa namupatia, anatulia. Mutoto anaupenda ule muhogo. Si mubaya, Furaha. Niliwalea ninyi vile vile."

"Najua."

"Haujui." Hapo sauti yake ilibadilika. "Ule mwenye kulia mu njia alikuwa wewe. Baraka alikuwa analala, Neema hakukuwa bado anazaliwa. Wewe ulikuwa na sauti kama ya mbuzi. Bale tulitembea nabo balisema, mama, huyu mutoto atatuuza, bakia naye hapa. Balitaka tubakie mu pori. Nilikuwa na muhogo mu kitenge, mama. Sikukuwa na kitu ingine. Ningekupatia nini?"

Ugomvi wote niliokuwa nimeupanga uliisha pale, na nikabaki na simu sikioni nikisikiliza kuku wake. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, "Na analia sasa?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Siku ile ya siafu nilibaambia mulie, mukakataa. Mpaka leo sijui ningefanya nini."

Miaka yote nilidhani mama alilia kwa sababu ya blanketi, au kwa sababu ya kuchekwa. Kumbe alikuwa ametuondolea kitu ili atuokoe, na alipotaka kuturudishia hakujua pa kukishikia. Leo nimeshinda hapa ndani nikimtazama Dani akicheza na mkono mmoja, mwingine ameubeba kama yai la mtu mwingine. Nimejaribu kumtekenya, kumtisha, kumwambia hadithi ya mbuzi aliyelia. Ameniangalia kwa huruma. Hata bombani nilimkaripia Mama Kemi kwa sababu nilikuwa namwonea wivu, yeye na Kemi wake. Namsikia huyo mtoto sasa hivi kupitia ukuta, amenyimwa kitu, analia kwa nguvu zake zote, na mama yake anajua kabisa anataka nini.

Kumwambia tu alie haisaidii, mama yangu alishajaribu kwa ajili yetu sote. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya dispensari, nitachukua kipande kwenye gunia nijiwekee mimi shavuni. Nitaketi sakafuni mbele ya Dani. Nitakishika kiganja chake kizima, kile kisichoungua, nikiweke chini ya kidevu changu, nimwombe yeye aniambie, "Tema". Nitatema mkononi mwake, halafu nitalia, kwa sauti, mbele yake, hata kama itabidi nianze kwa kuigiza, hata Mama Kemi aje kugonga akidhani nimefiwa. Sijui kama itatoka. Sijawahi kuisikia sauti hiyo tangu niwe na akili. Na Dani akianza naye kulia, nitambeba hivyo hivyo, tupite bombani mbele ya wote, tupite getini kwa askari, mpaka kwa sajini, na sitamnyamazisha.